Nevirapine: vita ya mafaili

Leo historia kidogo. Nevirapine ilipata jina Mulago, Kampala, kwenye utafiti ulioanza 1997. Mama mwenye virusi alimeza kidonge kimoja uchungu ulipoanza, mtoto naye akapewa dozi moja ya maji ndani ya siku tatu. Majibu yakatoka 1999: kufikia wiki 14 hadi 16, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 13. Kwa waliopewa AZT ya muda mfupi ilikuwa 25. Na bei yake kama dola 4 tu, jamani!

Kelele zikaanza 2002. Wakaguzi wakakuta kumbukumbu za utafiti hazijakaa sawa, kampuni ikaondoa ombi lake la kibali Marekani. Mwaka huohuo, baada ya wanaharakati wa TAC kwenda kortini, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikaiamuru serikali iwape akina mama dawa hiyohiyo. Mwaka 2005 jopo la wataalamu Marekani likapitia upya likasema matokeo yanaaminika.

Mimi naona waligombania mafaili mno. Ini? Lilidhurika kwa baadhi ya waliomeza kila siku kwa wiki kadhaa, si kwa dozi moja, tusichanganye. Zito lilikuwa usugu. Kidonge kile hakikumtibu mama, na baadhi yao kiliwaachia virusi sugu, hivyo ARV zenye nevirapine zilipofika zikawafanyia kazi kwa shida. Ilikuwa 2015 ndipo WHO ikashauri kila mwenye virusi, wajawazito wakiwemo, aanze ARV na aendelee nazo maisha yake yote.