Kijiti cha Sabuni ya Ndevu

Wengi wetu tumewaona wazee wakilowesha ndevu, wakisugua kijiti cha sabuni usoni, kisha wakizungusha burashi mpaka povu jeupe lijae. Maji hulainisha ndevu, povu huutelezesha wembe. Je, ni urembo tu? Sivyo. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ieper, Ubelgiji, Wadachi waliachilia hewa ya sumu ya klorini. Baadaye askari walipewa vifuniko vya uso vya kuchuja hewa. Lakini penye ndevu kifuniko hakishikamani vema na ngozi, sumu hupenya. Basi kunyoa kukawa kulinda uhai. Na handakini kijiti kilifaa: hakimwagiki, hakidai bakuli, chakaa mfukoni. Tumwonapo mzee akinyoa polepole, tuwakumbuke vijana wale.