Je, Kuongoka ni Siku Moja?

Katika makanisa ya Mara liko swali linaloweza kumtenga ndugu na nduguye: "Uliokoka siku gani?" Mwenye tarehe hujibu upesi. Asiye nayo, pengine mtoto wa mzee wa kanisa aliyelelewa katika sala tangu kubebwa mgongoni, hunyamaza, na wengine humhesabu kuwa yungali nje. Twaona yafaa kutazama habari za kale kabla ya kumhukumu mtu huyo.

Wamishenari Wamennonite kutoka Marekani, Elam Stauffer na wenzake, walianza kazi Shirati mwaka 1934. Wakafungua Bukiroba 1935, Mugango 1936, Bumangi 1937. Na mwaka 1940 wakapanda huku Ukuria, wakajenga Nyabasi. Watu walifundishwa kwanza, wakaulizwa maswali, ndipo wakabatizwa. Lakini mwezi wa Agosti 1942 ule uamsho uliowaka Gahini, nchi ya Ruanda, katika miaka ya 1930, ukafika Shirati. Watu waliokwisha kubatizwa wakasimama kanisani, wakalia, wakaungama dhambi walizozificha. Wamishenari nao wakaungama. Wengi wakasema kwamba siku ile ndiyo waliyookoka. Basi ubatizo wao wa kwanza ulikuwa nini?

Hawakusema uongo, siku ile ilikuwa ya kweli. Lakini walilia kwa maneno gani? Dhambi, msalaba, damu, neema: maneno hayo waliyapata darasani, katika miaka minane iliyotangulia. Asiyefundishwa angejuaje analilia nini? Wala watu wa uamsho wenyewe hawakuishia siku moja. Walikusanyika mara kwa mara kuungama makosa mapya, na jambo hilo wakaliita kutembea nuruni. Kwa hiyo hatuoni haki kumwita mtu wa nje yule aliyelelewa katika maneno yale yale, ati kwa sababu hana tarehe.

Jambo hili si la Wamennonite peke yao. Mapadre Weupe walioingia Buganda mwaka 1879 walikuwa na amri ya mkuu wao, Lavigerie, kwamba mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Hata hivyo, usiku mmoja wa Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza vijana kadha wa jumba la Kabaka Mwanga, naye Kizito mdogo akiwa mmoja wao, maana aliona kifo ki karibu. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Ubatizo ulikuwa wa usiku mmoja. Lakini vijana wale hawakuwa wageni, walikuwa wamekwisha kufundishwa.

Huku Itiryo, kwenye nchi ya mifugo, jambo lenyewe halifichiki. Mwizi wa ng'ombe akitubu Jumapili, Jumatatu ng'ombe wa watu wangali zizini mwake. Tena pengine wamezaa, au wametolewa mahari, nao wamo katika boma la mkwewe, na mkwe hana habari ya toba. Kuwarudisha kutachukua miaka, na maneno mengi mbele ya wazee. Je, tuseme mtu huyu hakuongoka Jumapili ile? Hatuthubutu. Tuseme basi kwamba mambo yalikwisha siku ile ile? Twende tukamwulize mwenye ng'ombe.