Mtu Asiye na Kaburi

Ndugu msomaji, mtu akikopa kwako au akikudhulumu, njia yake waijua. Utamwendea nyumbani, utawaita wazee, na akikataa utamfikisha kwa kadhi. Hata akifa, warithi wake hawagawi kitu mpaka deni limelipwa. Lakini akikudhulumu mtu asiye na nyumba, asiye na wazee, wala asiye na kaburi, utamshika wapi?

Mtu wa namna hiyo yuko, naye ni kampuni. Mwaka 2003 ilitolewa nchini Kanada filamu ya maelezo iitwayo The Corporation, kazi ya Mark Achbar, Jennifer Abbott na mwalimu wa sheria Joel Bakan. Filamu hiyo yauliza: ikiwa sheria yaihesabu kampuni kuwa ni mtu, basi ni mtu wa tabia gani? Wakaipima kwa vipimo vya matabibu wa maradhi ya akili, na jawabu ikawa: ni mtu asiye na huruma wala majuto. Na utu huo aliupataje? Mwaka 1868 Marekani iliongeza katika katiba yake kifungu cha 14, ili kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Mwaka 1886, katika kesi ya kampuni ya reli ya Southern Pacific, Jaji Mkuu Waite akasema kuwa kinga hiyo yazihusu kampuni pia. Nguo iliyoshonewa mtumwa aliyeachwa huru, akavishwa tajiri.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Marekani kumjua mtu huyu, kwani alipata kututawala.

Tarehe 24 Mei 1887 Sayyid Barghash aliwakodisha William Mackinnon, tajiri wa meli, na wenzake, ukanda wa pwani toka mto Umba mpaka Kipini kwa miaka 50, waendeshe utawala kwa jina lake na chini ya bendera yake. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akawapa hati, na kampuni yao ikaitwa Imperial British East Africa Company. Mombasa ikawa chini ya watu waliokuja kutafuta faida. Kampuni ikatoza ushuru, ikaweka askari, ikapiga na fedha zake. Pesa zake za shaba za mwaka 1888 zilichorwa mizani. Hebu tuitazame mizani hiyo ilipimaje.

Faida haikuja kama ilivyotarajiwa. Kampuni ilijiingiza Uganda, gharama zikaishinda, ikajitoa mwaka 1893. Mwaka 1895 ikaingilia urithi wa utawala wa Takaungu, na vita vya Wamazrui vikawaka. Moto ungali unawaka, tarehe 1 Julai 1895 kampuni ikaikabidhi pwani kwa serikali ya Uingereza, ikaenda zake. Watu wakaendelea kufa na kukimbia makwao mpaka mwaka 1896.

Je, iliondoka mikono mitupu? La. Ililipwa paundi 250,000. Katika hizo, hazina ya Uingereza ilitoa 50,000 tu. Zilizobaki, 200,000, zilitoka katika mali ya Sultani wa Zanzibar, nazo ni zile alizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya Tanganyika iliyomtoka mkononi mwaka 1890. Pwani moja ilikwenda, na thamani yake ikatumika kuikomboa ya pili. Na hiyo ya pili nayo hakuipata, kwani Waingereza ndio walioshika utawala, wakawa wanamlipa paundi 17,000 kwa mwaka. Ndani ya hizo, 6,000 zilikuwa ni riba ya fedha zake mwenyewe!

Basi nani angeshtakiwa? Mackinnon alikuwa amekwisha kufa mwaka 1893. Wenye hisa walikuwa mbali, na wengi wao hawakupata kuiona Takaungu.

Huenda ukasema: mbona wakfu nao si mtu wa nyama na damu, na msikiti humiliki shamba la minazi? Kweli. Lakini wakfu una shabaha aliyoiweka mwenye kuwakifu, na una msimamizi ajulikanaye kwa jina, ambaye huulizwa habari ya kila nazi, hapa na kesho Akhera. Kosa si kushirikiana katika biashara, kwani babu zetu walishirikiana katika majahazi na katika misafara. Kosa ni kuugawa uchumi kwa wote na dhima kumwachia asiyekuwapo.

Kwa hivyo, ndugu yangu, ukiwa karani, mkurugenzi au mwenye hisa, usiseme: "Si mimi, ni kampuni." Kampuni haina mkono wa kutia sahihi. Mkono ni wako. Na siku ya hesabu haitafufuliwa kampuni. Watafufuliwa waliokuwa ndani yake, kila mmoja kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.