Alifungua Xbox Mezani, Akakuta Siri Iliyofichwa Ndani ya Chipu: Kisa cha Mwanafunzi Aliyeitikisa Microsoft

Novemba 15, 2001 Microsoft waliingiza sokoni Marekani boksi jeusi, zito, lenye herufi X kubwa mgongoni. Bei ilikuwa dola 299. Kwa vijana wengi lile lilikuwa boksi la kuchezea Halo mpaka asubuhi. Lakini kuna jamaa mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale chuo cha MIT, yeye gemu halikumsumbua sana. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: humo ndani kuna nini?

Akachukua bisibisi.

Miezi michache baadaye alikuwa ameshika ufunguo wa siri wa kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, na mbele yake kulikuwa na sheria ambayo ingeweza kumfikisha mahakamani. Hiki ni kisa cha kufungua konsoli, lakini pia ni kisa cha swali ambalo mpaka leo halijaisha: ukishanunua kitu kwa hela yako, ni chako kweli?

Kwanza, humo ndani kulikuwa na nini?

Xbox ya kwanza haikutaka kufunguliwa kirahisi. Skrubu zake za chini zilikuwa za kichwa cha nyota, zingine zimefichwa chini ya vipira vya miguu, zingine chini ya stika. Fundi asiyejua angeweza kuvunja plastiki bure huku anajiuliza boksi limekwama wapi.

Mfuniko ukitoka, unakutana na vitu viwili vimelala juu: drevu ya DVD upande mmoja, diski ngumu ya kuhifadhia upande wa pili. Pembeni kuna pawa saplai, na hiyo si ya kuchezea, kwa sababu vihifadhi umeme vyake vinaweza kukupiga shoti hata kama waya umeshachomolewa. Chini ya vyote hivyo ndipo iko madabodi.

Na hapo ndipo wengi walipocheka. Prosesa ilikuwa ya Intel, ukoo wa Pentium III, megahertz 733. RAM megabaiti 64. Chipu ya picha ya NVIDIA. Diski ngumu ya gigabaiti 8, ya aina ile ile inayokaa kwenye kompyuta ya ofisini. Kumbe "konsoli" ilikuwa PC iliyovaa koti jeusi!

Sasa kama ni PC, kwa nini usiwashe na kuweka programu unayotaka? Kwa nini usiweke hata Linux?

Jibu ni biashara. Microsoft walikuwa wanaliuza lile boksi kwa hasara. Hela yao ilikuwa inarudi kwenye magemu, kwa sababu kila kampuni iliyotengeneza gemu la Xbox ililazimika kuwalipa. Kama mtu angeweza kununua boksi, akaligeuza kompyuta ya bei poa na asinunue gemu hata moja, hesabu zote zingeharibika. Kwa hiyo boksi lilifungwa kwa kufuli la kidijitali: linakubali programu yenye saini ya Microsoft tu, nyingine zote linazikataa.

Mtego wa kwanza

Mwanafunzi yule alianza pale ambapo fundi yeyote angeanza. Aliing'oa kwenye madabodi chipu ya kumbukumbu inayobeba maelekezo ya kuwasha mashine, akaisoma yote.

Alikuta maelekezo, ndiyo. Lakini alipoyafuata hatua kwa hatua, hayakufanya kazi. Yalikuwa yanaelekea kwenye takataka tupu. Mashine ikifuata kilichoandikwa mle, isingewaka kabisa. Lakini Xbox yake ilikuwa inawaka kila siku.

Maana yake nini? Maana yake ile chipu haikuwa inasema ukweli wote. Maelekezo halisi ya mwanzo kabisa yalikuwa sehemu nyingine, mahali ambapo bisibisi haifiki.

Yalikuwa ndani ya tumbo la chipu nyingine iliyotengenezwa na NVIDIA, ile inayosimamia sauti, mtandao na vifaa vya nje. Humo zilifichwa baiti 512 tu. Hiyo ni ndogo kuliko meseji chache za WhatsApp! Lakini ndani ya baiti hizo kulikuwa na kazi nzima ya ulinzi: kuamsha mashine, kufungua data zilizofungwa kwa msimbo wa siri, na kuhakiki kwamba kilichofunguliwa ni chenyewe. Na kulikuwa na ufunguo.

Udhaifu ulikuwa barabarani

Kuipasua chipu na kuisoma kwa hadubini kunawezekana, lakini ni kazi ya maabara yenye vifaa vya gharama. Jamaa akawaza kitofauti kabisa.

Prosesa ya Intel na ile chipu yenye siri ni vitu viwili tofauti. Ili prosesa ifuate maelekezo yale, lazima yatoke kule yalikofichwa yaje mpaka kwenye prosesa. Yaani siri lazima isafiri. Na ikiwa njiani, haijafungwa. Imekaa wazi, kama hela iliyotoka benki ikiwa mkononi.

Basi kazi ikawa ni kuchagua barabara ya kuvizia. Njia ya kuelekea kwenye RAM ilikuwa na upana wa biti 128, ni nyaya nyingi mno kuzigusa moja moja. Lakini njia kati ya chipu mbili kuu ilikuwa nyembamba, biti 8 tu kila upande. Tatizo lilikuwa kasi. Data zilipita pale mara milioni 400 kwa sekunde, na kwa vifaa vya kawaida vya wakati ule usingeambulia kitu. Inaonekana waliolisanifu boksi waliamini kwamba kasi yenyewe ni ulinzi wa kutosha.

Yeye akatengeneza kibao kidogo cha saketi, akakilehemu juu ya vijia vile vya shaba kwa vipimo vya kubana sana, kisha akakiunganisha na chipu ya kupangwa upya aliyokuwa nayo kutokana na utafiti wake chuoni. Akawasha Xbox. Kibao kikaanza kurekodi kila kilichopita barabarani.

Akachambua. Akapata baiti za siri. Akapata ufunguo.

Hapa ndipo ilipokuwa noma. Msimbo uliotumika ulikuwa wa aina ambayo ufunguo unaofungua ndio huo huo unaofunga. Na kila Xbox ya toleo lile la kwanza ilikuwa na ufunguo uleule. Mwizi akifungua mlango mmoja wa mtaa, amefungua mtaa mzima.

Siri mkononi, sheria mlangoni

Unaweza kudhani alikimbia mtandaoni kutangaza. Haikuwa hivyo, kwa sababu mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa DMCA, ambayo inakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki. Ukifanya hivyo makusudi kwa ajili ya biashara, kosa la kwanza tu lina faini hadi dola 500,000 na kifungo hadi miaka 5.

Na hayakuwa maneno ya kwenye karatasi. Julai 2001, programa mmoja kutoka Urusi alikamatwa Las Vegas baada ya kutoa mada kuhusu udhaifu wa kufuli za vitabu vya kidijitali.

Kwa hiyo mwanafunzi alitafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Wanasheria wa chuo hawakutaka kuhusishwa. Hebu fikiria: uko kwenye chuo kinachosifika kwa ubunifu duniani, umefanya kazi ambayo kila mhandisi angejivunia, halafu unaambiwa hilo ni lako binafsi. Waliomshika mkono ni wanasheria wa shirika la kutetea haki za mtandaoni la EFF, pamoja na maprofesa wa maabara yake. Mei 2002 utafiti ukatoka kama chapisho rasmi la maabara ile ya MIT.

Alipoandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo, mchapishaji wa kwanza alijitoa kwa kuogopa kesi. Mwaka 2003 akakitoa mwenyewe. Kitabu kinaanza pale pale kila fundi anapoanzia, kwenye skrubu na bisibisi. Miaka kumi baadaye, Machi 2013, alikiweka mtandaoni bure kumkumbuka kijana mwingine wa kompyuta aliyefariki Januari mwaka huo akiwa anakabiliwa na mashtaka kwa kupakua makala za kitaaluma kupitia mtandao wa MIT.

Microsoft nao hawakukaa kimya. Toleo lililofuata la Xbox lilibadilishwa siri zake, nalo likavunjwa. Mwaka 2003 watu wakagundua unaweza kuingia bila kugusa skrubu hata moja, kwa kutumia faili la kuhifadhia mchezo la gemu la James Bond.

Na huku kitaa je?

Waliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Dar, Mombasa au Nairobi wanaijua hii ishu kwa jina lingine: PS yenye chipu. PlayStation ya kwanza ilikuwa inasoma alama maalum iliyochongwa karibu na katikati ya CD, alama ambayo mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuiga. Fundi alichofanya ni kulehemu kijichipu kinachoinong'oneza mashine kwamba alama imeonekana. Basi CD ya kuchoma ikacheza.

Tuseme ukweli, hapo waliotengeneza magemu walikula hasara, na makampuni yana haki ya kulalamika. Lakini kufuli lile lile linalomzuia anayeiba linamzuia pia fundi anayetaka kubadilisha drevu mbovu, na mwanafunzi anayetaka kujifunza. Sheria haikuwatenganisha.

Taratibu mambo yanalegea. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Marekani iliyaonya makampuni, wakiwemo Microsoft, Sony na Nintendo, kwamba kumtishia mteja kuwa waranti inakufa akitoa stika kunaweza kuvunja sheria. Mwaka 2021 Marekani ikaruhusu kufuli la konsoli livunjwe kwa ajili ya kutengeneza drevu ya diski. Drevu tu! Miaka 20 baada ya Xbox kuingia sokoni, hiyo ndiyo ruhusa iliyopatikana. Yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mhandisi mwenye jina, aliishitaki serikali ya Marekani mwaka 2016 kuhusu sheria ile ile. Mahakama hazikuifuta.

Kwa hiyo ukimwona fundi wa mtaani kwenu ameinama juu ya PS iliyopasuliwa, skrubu ziko kwenye kifuniko cha soda, usimwone mharibifu. Ule udadisi wa kufungua ili kujua ndio uliompeleka yule wa MIT mpaka kwenye baiti 512 ambazo kampuni nzima iliamini hazionekani.

Je, konsoli uliyonunua kwa hela yako una haki ya kuifungua na kuifanya unachotaka, au aliyeitengeneza bado ana sauti juu yake? Dondosha maoni yako.