Mogo ya Wembley: Kiswahili katika migahawa ya Kiasia London

Mtu wa Afrika Mashariki anayeingia katika mgahawa wa kawaida wa Kiasia kwenye barabara ya Ealing Road, Wembley, kaskazini magharibi mwa London, hulikuta katika orodha ya vyakula neno lisilohitaji kufasiriwa: mogo. Ni muhogo, uliochemshwa, ukakatwa vipande virefu, ukakaangwa, kisha ukaletwa mezani pamoja na pilipili na chatini ya ukwaju.

Neno hilo halikutoka India. Wagujarati walilipata kwa Waswahili, wakalifupisha, wakalitumia kwa vizazi kadhaa, na walipolazimika kuhama wakaja nalo Uingereza. Kwa hiyo orodha hiyo ya vyakula ni kumbukumbu ya historia yetu pia, ikiwamo sehemu yake isiyopendeza.

Waasia wa Uingereza

Nchini Uingereza, kama ilivyo Afrika Mashariki, neno "Waasia" humaanisha kwanza watu wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh. Chakula chao si kigeni London. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa India, alifungua Hindoostane Coffee House karibu na Portman Square. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya migahawa iliyoitwa ya Kihindi ilikuwa mikononi mwa watu wa Sylhet, eneo ambalo sasa limo Bangladesh, na mtaa wa Brick Lane ukapata sifa kwa ajili yao.

Migahawa mingi ya Wembley ina asili nyingine. Ilianzishwa na watu waliojifunza kupika, au kula, Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam.

Kwenda na kurudi

Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch walifika pwani yetu kwa majahazi karne nyingi kabla ya ukoloni. Baadaye, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India kujenga reli ya Uganda. Wapatao 6,700 walibaki baada ya kazi kwisha.

Kutoka kwao tulipokea chapati, bajia na achari, vyakula ambavyo leo hakuna anayeviita vya kigeni. Wao nao walichukua kutoka kwetu muhogo na mengine ya jikoni. Katika Kigujarati cha Afrika Mashariki yamo maneno sufuria, kisu na fagio, na njugu huitwa jugu.

Kisha milango ikafungwa. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka, na Machi 1968 Uingereza yenyewe ikapitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, nao wakapewa siku 90. Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza, wengi wao wakiwa wameacha maduka, nyumba na akiba zao.

Jina lililohama

Baadhi yao walianza upya kwa kupika. Katika mtaa wa Southall, magharibi mwa London, familia ya Anand ilifungua mgahawa mwaka 1975 na kuuita Brilliant, jina la hoteli waliyokuwa nayo Nairobi. Mapishi ya Southall ni ya Kipunjabi: kuku wa bizari nyembamba, nyama za kuchoma na mikate ya tanuri.

Wembley ni ya Wagujarati zaidi, na migahawa mingi huko haipiki nyama kabisa. Mogo huandaliwa kwa namna kadhaa: ya chumvi na ndimu, ya masala, au iliyokolezwa vitunguu saumu, pilipili na mchuzi wa soya. Zipo bajia za viazi vilivyokatwa vyembamba na kuchovywa katika unga wa dengu wenye kotmiri, zile ambazo mkaazi wa Nairobi huziita Maru. Kwingineko, katika migahawa ya Waislamu, huuzwa mishikaki na kuku paka, yaani kuku aliyechomwa kisha akapikwa kwa tui la nazi.

Namna ya kula ni nyepesi. Mara nyingi sahani huwekwa katikati ya meza na kila mtu hujichotea. Asiyekula nyama isiyo halali aulize kabla ya kuagiza. Mahali pengine malipo ya huduma huongezwa katika hesabu. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote.

Nani atakumbuka?

Kijana anayehudumu leo huenda hajapata kuiona Afrika. Mwandishi wa makala haya, ambaye naye yuko London kwa sababu hawezi kurudi kwao, aliwahi kumuuliza mmoja asili ya neno mogo. Alijibu kwa uhakika kwamba ni Kigujarati. Mzee aliyekuwa kwenye kaunta ndiye aliyemsahihisha, kisha akauliza, kwa Kiswahili cha dukani kisicho na ngeli, habari za mvua huko nyumbani.

Mwaka 1972 wapo katika nchi yake waliofurahi kumwona akipanda ndege. Wengine waliyagawana maduka. Yeye alihifadhi lugha yao kwa zaidi ya nusu karne. Waliofika wakiwa watu wazima sasa wamezeeka sana, na kila mwaka wanapungua.

Vituo vya treni vilivyo karibu ni Alperton na Wembley Central. Msomaji akimkuta mzee wa aina hiyo, amsalimu kwa Kiswahili. Huenda akajibiwa.