Meno ya Mtoto si Hatia Yake

Jino la kwanza la mtoto huleta furaha nyumbani. Mama huwaita majirani waje kuona, na baba hutia kidole kinywani mwa mwanawe apate kuligusa. Lakini zamani, katika bonde hili la Luapula tunamokaa sisi wa Kasenga, jino hilo liliweza kuwa hukumu ya kifo. Yafaa tuikumbuke habari hiyo, maana hofu iliyoizaa haijaisha kabisa.

Kwa kawaida meno ya chini hutangulia, mtoto apatapo miezi sita hivi. Aliyetanguliza ya juu, Wabemba walimwita chinkula. Huko pwani Waswahili walimwita kigego. Majina ni mawili, lakini hofu ilikuwa moja: mtoto huyo ataleta msiba katika ukoo.

Mwezi wa Novemba 1867 Daktari Livingstone alifika kwa mfalme Kazembe, ng'ambo ya mashariki ya mto wetu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba mtoto wa namna hiyo aliuawa. Hata aliyegeuka usingizini toka ubavu huu hata ubavu huu aliuawa vilevile. Watu walisema, huyu ni mtoto wa Mwarabu, kwa kuwa Waarabu hawakuogopa mambo hayo. Na Mwarabu akiwapo karibu, walimpa yeye. Basi mtoto alipona mauti, lakini alipotea kwao, akichukuliwa na wageni katika miaka ile ya misafara ya pembe na watumwa. Burton naye, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alisimulia kwamba kwa Wazaramo kigego aliuawa, au alitolewa, au aliuzwa kwa mfanya biashara ya watumwa.

Tusiwacheke wazee wetu. Watoto wengi walikufa mikononi mwao, nao walitafuta sababu. Lakini tuone jinsi alama moja husomwa namna mbili. Waroma wa kale walikuwa na mtu aliyezaliwa na meno, Manius Curius. Wao hawakumtupa, walimwita Dentatus, yaani mwenye meno, akawa konsuli, na mwaka 275 kabla ya Kristo aliongoza jeshi lao kupigana na mfalme Pyrrhus. Meno hayakuwa na neno lolote. Wenye neno walikuwa watu.

Waganga wa leo wanatufundisha nini? Mtoto huota meno 20, na mtu mzima 32. Wengine huota zaidi. Jino la ziada huonekana mara nyingi katika taya la juu, katikati ya meno mawili ya mbele, na kwa wavulana kuliko wasichana. Pengine hujificha mfupani na kumzuia mwenzake asitoke. Hapo picha ya eksirei huonyesha kama ling'olewe au liachwe. Na mtoto akizaliwa na jino, mara nyingi ni jino lake la kawaida lililowahi tu. Likilegea, apelekwe kwa daktari, asije akapaliwa nalo. Wala mtu asichokonoe ufizi wa mtoto mchanga kwa kisu au msumari, kama wafanyavyo wengine wanaposingizia meno homa na kuhara. Damu na uchafu wa jeraha vimekwisha kuua watoto.

Livingstone alitaja pia mke mmoja wa mfalme Sekeletu wa Wamakololo. Mtoto wa mtumishi wake alitanguliza meno ya juu, na watu walitaka auawe. Mama yule alikataa. Hakuwa na eksirei wala kitabu cha uganga. Alimtazama mtoto, akaona mtoto. Livingstone alisema ni wachache ambao wangethubutu kuyapinga mawazo ya watu kama yeye. Mwenyezi Mungu atujalie tuwe miongoni mwa wachache hao.