Kumuuguza mzazi Mugoma bila kupoteza ukaazi wa Marekani
Muislamu wa Mugoma, wilayani Ngara, mwenye grinikadi ya Marekani, akirudi kumuuguza mzazi azingatie muda. Akikaa nje zaidi ya miezi 6, hesabu ya miaka ya kuombea uraia yaweza kukatika. Akifikisha mwaka 1, kadi pekee haitoshi kumrudisha. Anayejua atachelewa aombe kibali cha kurejea, fomu I-131, kabla hajaondoka Marekani. Kwa kawaida hudumu miaka 2. Aliyezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake aombe ubalozini viza ya mkaazi anayerejea. Kumtendea wema mzazi ni wajibu. Kutimiza mikataba pia ni amri, Suratul Maida, aya ya 1. Basi asidanganye tarehe. Wallahu a'lam.